Shahada ya Afya ya Mazingira: tathmini ya mhitimu kwa wanaofikiria kuiomba

Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na alama nzuri za Biolojia na Kemia lakini akakosa nafasi ya udaktari, shahada ya afya ya mazingira mara nyingi huonekana kuwa mahali pa kujishikiza kwa muda. Wazazi huiulizia kwa sauti ya chini, na wapo wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza wakiwa tayari wamepanga kuhama. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini mtazamo huo unawanyima vijana kozi yenye maarifa mazito, na pia kwa sababu wanaoipenda wanastahili kuambiwa bila kufichwa mahali ambapo haijakamilika. Niliisoma kwa miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania, ambacho sitakitaja, na sasa ni afisa afya katika halmashauri. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba upande wa sayansi kozi hii inafundisha vizuri kuliko inavyosifiwa, lakini upande wa usimamizi, yaani bajeti, watu, magari, sheria ndogo na mashauri mahakamani, mhitimu anatoka akiwa na nusu ya anachokihitaji.

Kazi yenyewe ni ya siku nyingi kuliko shahada. Wazee wetu waliwajua mabwana afya waliopita nyumba kwa nyumba wakikagua vyoo, mashimo ya taka na mitungi ya maji, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana kuhusu malaria, kuhara na minyoo. Kilichobadilika ni uzito wa kazi. Leo afisa afya anasimamia utekelezaji wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, anatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2007 inayohusu wataalamu wa afya ya mazingira, na anakutana kila wiki na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na ile ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003. Vyuo vya Mpwapwa, Ngudu na Kagemu vimewatoa maofisa wengi wa ngazi ya stashahada na cheti, na wengi wao ndio walionifundisha kazi nilipoanza. Shahada inatolewa Muhimbili na kwingineko nchini, na kwa majirani zetu inapatikana katika vyuo kama Makerere nchini Uganda na Kenyatta nchini Kenya.

Masomo ya mwaka wa kwanza hayatamshangaza mtu aliyesoma sayansi: mikrobiolojia, parasitolojia, baiokemia, fiziolojia, takwimu za afya na utangulizi wa epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii. Huko ndiko kila mwanafunzi anakomsikia John Snow, daktari wa London ambaye mwaka 1854 aliwapanga wagonjwa wa kipindupindu kwenye ramani na kuonyesha kwamba walikizunguka kisima cha pampu cha Broad Street. Mfano huo hautoki katika vitini, nami siwalaumu wahadhiri kwa kuurudia, kwa kuwa mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifuatiliwa kwa hatua zilezile: kuorodhesha wagonjwa, kuandika tarehe dalili zilipoanza, kuuliza kila mmoja alikunywa maji ya wapi na alikula wapi, kisha kwenda kulichunguza hilo kisima au hilo genge.

Ubora wa kozi unaanza kuonekana katika somo la maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo somo lililonifanya niache kufikiria kuhama. Mwanafunzi anachukua mililita 100 za maji ya kisima, anayapitisha kwenye kichujio chembamba chenye matundu ya maikromita 0.45, anakilaza kichujio hicho juu ya pedi iliyolowekwa chakula cha bakteria, kisha anakifungia katika kiatamizi, yaani kabati la kukuzia bakteria, chenye nyuzi joto 44. Kesho yake anafungua kisahani na kuhesabu vidoa vya njano kimoja kimoja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni sifuri, maana yake kisiwepo kidoa hata kimoja cha bakteria wa kinyesi katika mililita hizo 100. Ukishakiona kisahani kilichojaa hadi vidoa havihesabiki, na maji yake yalikuwa meupe, baridi, yasiyo na harufu, hutayaamini tena maji kwa kuyatazama.

Baada ya kuhesabu vidoa hufuata hesabu ya klorini. Tuseme shule ina simtanki la lita 5,000 na unataka kipimo cha miligramu 5 za klorini kwa kila lita. Unahitaji gramu 25 za klorini halisi, na kwa kuwa unga ulionao una nguvu ya asilimia 70, utapima takriban gramu 36, utazikoroga kwanza kwenye ndoo, utaacha tope litulie, kisha utamimina yale maji ya juu. Baada ya nusu saa unapima klorini iliyobaki, ukitaka angalau miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita mahali mtumiaji anapochotea. Hesabu hii ni nyepesi mno kwa mtu aliyefika chuo kikuu. Hata hivyo nimekutana na watu wenye shahada nyingine, waliopewa dhamana ya visima vya umma, ambao humwaga unga kwa kukadiria na viganja vya mikono, na wananchi wakilalamikia harufu wanaacha kabisa kuweka dawa.

Somo hilohilo la maji ndilo linalomfundisha mwanafunzi kutotoa ushauri mmoja kwa kila mahali. Katika baadhi ya maeneo ya Arusha na Meru, maji yana floraidi ya asili inayotokana na miamba ya volkano, na watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno yenye madoa ya kahawia, huku viwango vikubwa zaidi vikidhuru hata mifupa. Ushauri wa kuchemsha maji, ambao tunautoa kila kona ya nchi, hauondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kiasi chake kwa lita kinaongezeka. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuipunguza kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mhadhiri wetu alilifundisha jambo hili kwa kutuwekea mezani sampuli mbili za maji zisizo na tofauti yoyote kwa macho, moja ikiwa chini ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita na nyingine juu yake mara kadhaa, na akatutaka tueleze tungemwambia nini mama mwenye watoto wadogo ambaye hana chanzo kingine. Kwa muda mrefu hakuna aliyejibu, na majadiliano yaliyofuata yalikuwa miongoni mwa vipindi bora nilivyohudhuria.

Entomolojia ya tiba, yaani elimu ya wadudu waenezao magonjwa, ilifundishwa vizuri pia, ingawa kwa haraka. Mwanafunzi anatoka akiweza kumtofautisha mbu wa Anofelesi na yule wa Aedesi kwa namna anavyotua na kwa madoa ya miguu yake, na akielewa kwa nini dawa ya kuzuia mmoja si lazima imzuie mwingine. Milipuko ya homa ya dengi ya mwaka 2014 na 2019 jijini Dar es Salaam ilikuwa mfano ulio hai kwetu: Aedesi anauma mchana, anazaliana katika matairi, makopo na vyungu vya maua, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji bila kukisugua chombo kunaacha kazi nusu.

Usalama wa chakula ndilo somo la pili ambalo ningelipa alama za juu. Nadharia yake inajengwa juu ya kanuni saba za kutambua na kudhibiti hatari katika hatua za uzalishaji, lakini kinachobaki kichwani ni machinjio. Mwanafunzi anasimama alfajiri mbele ya ng'ombe aliyening'inizwa, anamtazama mkaguzi akichana misuli ya mashavu na kuufungua moyo akitafuta vifuko vya minyoo tegu, akizikata tezi za mapafu kutafuta dalili za kifua kikuu, akilichana ini kwenye mirija ya nyongo ili kuona kama minyoo bapa itatoka. Ukaguzi wa nyama kwa sasa umeshikwa zaidi na wataalamu wa mifugo, na wapo wenzangu wanaoona kuwa somo hili linatupotezea muda. Sikubaliani nao. Afisa afya asiyejua kinachotafutwa machinjioni hawezi kujadiliana na daktari wa mifugo kwa heshima, wala hawezi kumweleza mwenye bucha kwa nini nyama isiyo na mhuri haiuzwi.

Katika somo hilo tulifundishwa kwa kina kuhusu sumukuvu, ile sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 tatizo hilo lilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Ukweli huo mmoja unabadilisha sura nzima ya kazi, kwa kuwa mapambano yanahamia kwenye turubai la kukaushia, kwenye ghala, na kwenye uamuzi mgumu wa familia kutupa gunia ambalo ndilo tegemeo lao hadi mavuno yajayo. Hakuna somo lililonifundisha zaidi kwamba umaskini huingia katika kila kipimo tunachochukua.

Naja sasa kwenye upungufu, nikianza na maabara. Darasa lilikuwa kubwa kuliko vifaa. Kiatamizi kinachofanya kazi kilikuwa kimoja, kipima tope la maji kilikuwa kikisubiri fundi, na kipima kelele kilipita mikononi mwetu kama mgeni wa heshima: tulikiona, tulielezwa kwamba desibeli 85 kwa saa nane ndicho kikomo kinachotumika viwandani, kikarudishwa kabatini. Kipimo cha oksijeni inayotumiwa na bakteria katika majitaka, ambacho huchukua siku tano katika nyuzi joto 20, tulikifanya kwa kugawana chupa, na walio nyuma waliandika ripoti kwa namba za wenzao. Ripoti hizo zilisahihishwa na kupewa alama nzuri. Chuo kinachotoza ada ya maabara kinapaswa kuona uchungu kwa jambo hilo, kwa sababu mhitimu ambaye hajawahi kushika kifaa huenda kiwandani akiwa na cheti na woga, na mwenye kiwanda huutambua woga huo mara moja.

Upungufu wa pili ni kwamba baadhi ya kanuni zinafundishwa kana kwamba miji yetu ilijengwa kwa kuzifuata. Mfano ulio wazi ni kanuni ya choo cha shimo: kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Tuliikariri na kuijibu kwenye mtihani. Sasa chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, cha kawaida kabisa katika makazi yetu ya watu wengi. Kutoka kona hadi kona, kwa mshazari, kiwanja hicho kina mita 25. Maana yake mwenye nyumba akichimba kisima kona moja na choo kona ya pili, bado hawezi kuitimiza kanuni, na hapo hatujamhesabu jirani ambaye choo chake kipo nyuma ya ukuta. Katika maeneo ya mabondeni kama yale yanayopakana na mto Msimbazi, maji ya ardhini yako karibu kiasi kwamba mvua kubwa zinapoanza, watu wengine hutapisha vyoo vyao kwenye mafuriko. Mwanafunzi anahitaji kufundishwa afanye nini mahali ambapo kanuni haiwezekani: vyoo vilivyoinuliwa juu ya ardhi, mashimo yaliyozibwa kuta na kitako, utaratibu wa kunyonya vyoo katika vichochoro ambavyo gari la majitaka haliwezi kupita, na mahali halali pa kuyapeleka majitaka hayo, kama ilivyo kwa mabwawa ya Vingunguti. Sehemu ya mambo haya ilitajwa. Haikufundishwa kwa kiwango ambacho mtu anaweza kutoka na mpango mkononi.

Mazoezi ya vitendo nje ya chuo ndiyo yaliyoziba baadhi ya mapengo hayo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika miaka mitatu. Tulipelekwa katika halmashauri, viwandani na bandarini. Bandarini tulijifunza kazi ya ukaguzi wa vyombo chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ukaguzi wa panya na mbu melini, na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Ila aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja wa makamo, mama ntilie wa karibu na stendi, ambaye msimamizi wangu alinituma kumkagua.

Nilimsalimia, nikajitambulisha, nikaanza kumweleza kuhusu ndoo tatu za kuoshea vyombo. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipakua wali.

"Mwanangu, maneno yako ni mazuri," alisema. "Lakini ndoo moja ya maji hapa nanunua. Ukiniambia tatu, na kila baada ya sahani nyingi nimwage, nitauza sahani kwa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Msimamizi wangu, mzee aliyeanza kazi akiwa na cheti, alisogea akaketi kwenye benchi, akamuuliza wateja wake wengi huja saa ngapi, maji hununua kwa nani, na wenzake pale stendi wako wangapi. Kabla hatujaondoka walikuwa wamekubaliana kwamba mama ntilie wa mstari ule wachangie pipa moja la maji na karo moja la kuoshea, na halmashauri iwaunganishie bomba kwa utaratibu wa kibiashara. Hakutoa notisi siku ile. Aliporudi wiki iliyofuata alikuta pipa lipo, na hapo ndipo alipoanza kuzungumzia nywele kufunikwa na vipimo vya afya. Ustadi wa namna hiyo hauko katika kitini chochote nilichopewa, na ningependa chuo kiwaalike wazee kama yule wafundishe darasani, hata kama hawana shahada.

Hili linanifikisha kwenye upungufu ninaouona mkubwa kuliko wa maabara. Neno usimamizi limo katika majina ya masomo kadhaa ya mwaka wa tatu, lakini yaliyofundishwa humo yalikuwa nadharia za uongozi ambazo zingeweza kufundishwa kwa mtu wa benki au wa hoteli bila kubadilisha slaidi. Nilipoanza kazi, maswali yaliyonikuta mezani yalikuwa mengine. Gari moja la taka likiharibika, na kata zikawa nyingi, unaanza na kata ipi? Mkataba wa mzabuni wa taka unaandikwaje ili alipwe kwa taka alizobeba badala ya siku alizoonekana? Ada ya taka inakusanywa na nani, na inatenganishwaje na mapato mengine ya halmashauri ili irudi kununua mafuta? Sheria ndogo inapitia hatua gani kabla ya kuwa na nguvu? Unamfikisha vipi mahakamani mwenye gesti anayefungulia majitaka barabarani usiku, ukiwa na ushahidi ambao hakimu ataupokea? Na diwani akikupigia simu kukuambia kwamba huyo mwenye gesti ni mtu wake, unamjibu nini bila kumvunjia heshima na bila kuiacha kazi?

Kwa mambo haya mhitimu anajifunza kwa kuungua. Naamini chuo kingeweza kuyafundisha, kwa sababu hayana siri. Mashauri ya kweli yaliyokwisha, mikataba halisi ya uzoaji taka ikiwa imefutwa majina, bajeti ya idara moja kwa mwaka mmoja: hivi vingetosha kujaza muhula mzima, na vingemfanya mwanafunzi aelewe kwa nini marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilifanikiwa kwa sehemu kubwa masokoni wakati katazo la kutupa taka mitaroni, lililokuwapo miaka mingi, halijafanikiwa. Mifuko ilizuiwa kwenye uzalishaji, uingizaji na uuzaji, mahali ambapo wahusika wanahesabika. Taka za mtaroni zinatoka kwa kila mtu ambaye gari halikufika kwake. Mjadala wa aina hiyo ungefaa kuliko slaidi zote za nadharia za uongozi tulizopewa.

Kuandika nako kumesahauliwa. Ripoti zote za chuo ni kwa Kiingereza, ilhali notisi, muhtasari wa kikao cha kamati ya afya ya kata, na maelezo ya onyo kwa mfanyabiashara huandikwa kwa Kiswahili chenye uzito wa kisheria. Notisi yenye kosa la tarehe au isiyotaja kifungu cha sheria hutupwa mahakamani. Saa chache za mazoezi ya kuiandika zingewaokoa wengi.

Kuhusu wahadhiri, wengi walikuwa watu makini, wanaopatikana ofisini na wanaosoma kazi ya mwanafunzi hadi ukurasa wa mwisho. Wachache walisoma slaidi. Usimamizi wa utafiti wa mwaka wa mwisho ulikuwa mzuri mno kwangu, lakini najua wenzangu waliosubiri maoni hadi wiki ya kuwasilisha.

Upande wa gharama, waombaji wenye sifa huomba mkopo wa Bodi kama wanafunzi wengine, ila wazazi wajiandae kwa gharama zisizoandikwa mahali pazuri: koti la maabara, buti, nauli za mazoezi ya vitendo, malazi katika halmashauri ya mbali. Fedha za mazoezi hazifiki kwa wakati kila mara, na mwanafunzi anayetegemea hizo peke yake huanza mazoezi akiwa anakopa chakula.

Ajira ni suala ambalo kila mwombaji huniuliza kwanza, nami hulijibu kwa tahadhari. Mwajiri mkubwa ni serikali kupitia halmashauri, na nafasi hutangazwa kwa vipindi, hivyo wapo wahitimu wazuri waliokaa nyumbani muda mrefu. Ada na miaka mitatu ni hasara kwa mtu anayelingojea tangazo moja tu. Aliyejifunza vizuri usalama mahali pa kazi anaweza kwenda migodini na viwandani; aliyeshika tathmini ya athari kwa mazingira anaweza kufanya kazi na kampuni za ushauri; aliyezama katika chakula atatafutwa na wasindikaji, hasa tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamia Shirika la Viwango. Miradi ya maji na usafi nayo huajiri, ingawa kwa mikataba mifupi. Usajili katika Baraza la wataalamu wa afya ya mazingira ni wa lazima kwa anayetaka kuitwa mtaalamu, na mwanafunzi aanze kuulizia masharti yake akiwa bado mwaka wa pili.

Wakati wa milipuko thamani ya taaluma hii huonekana kwa kila mtu. Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, zilihitajika mikono inayojua kuchanganya klorini ya asilimia 0.5 kwa nyuso na vifaa na ile ya asilimia 0.05 kwa mikono, kunyunyizia nyumba ya mgonjwa, na kusimamia mazishi salama mbele ya familia yenye uchungu. Mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo mlipuko ulitangazwa kwisha. Mlipuko ukiisha, bajeti za kinga hurudi kuwa ndogo, na mhitimu anatakiwa alijue hilo kabla hajaanza, ili asivunjike moyo anapoambiwa kwamba fedha za kununua klorini zitapatikana ugonjwa ukitokea.

Nani aiombe, basi? Naipendekeza bila kusita kwa mtu anayependa sayansi na asiyeona haya kuingia chooni kwa mtu akiwa na daftari, anayeweza kuzungumza na mwenye hoteli kubwa na muuza maji wa mkokoteni kwa heshima ileile, na mwenye subira ya kufanya kazi ambayo matokeo yake bora ni watu kutougua. Siipendekezi kwa anayetafuta njia ya mzunguko ya kufika udaktari, wala kwa anayetaka kukaa ofisini. Wenye stashahada walio kazini wataifaidi kuliko wote, kwa kuwa watakuja na maswali tayari.

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji aende idarani, au ampigie mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aulize mambo haya: kila mwanafunzi hupima sampuli ngapi kwa mikono yake mwenyewe; mazoezi ya vitendo ni wiki ngapi, na nani humtembelea mwanafunzi akiwa huko; kama kuna somo linalofundisha kuandaa notisi, shauri na bajeti; na kama maabara ina kiatamizi cha akiba. Chuo chenye majibu ya kueleweka kwa maswali hayo ndicho cha kukipa chaguo la kwanza, hata kama kiko mkoani na majengo yake ni ya kawaida.